Mgeni kabuki watu wawili, halafu anauliza uani panaingia viti hamsini. Nimkubalie au nimkatae?

mama_shangani

Habari zenu wadau, wakubwa wote shikamooni. Naomba ushauri wa haraka maana saa zinaenda.

Nina nyumba ya vyumba vitatu hapa Shangani, Mtwara mjini, ilikuwa ya marehemu baba, mi na wadogo zangu tukakubaliana tusiiuze tuipangishe kwa siku ili ijitunze yenyewe. Huu mwaka wa pili. Wageni wangu wengi ni mafundi wa gesi na wa kiwanda cha saruji, wanunuzi wa korosho kuanzia Oktoba, na watalii wachache wanaopita kwenda Msimbati. Wakija hao sina presha, wanalala wanaondoka.

Sasa jana jioni imeingia ombi kwenye Airbnb, ile apu ya kupangisha nyumba kwa wageni, Ijumaa mpaka Jumapili, kaandika watu wawili. Akaunti imefunguliwa mwezi huu huu, haina picha wala rivyu hata moja, namba ni ya huku huku kwetu. Nikamkaribisha vizuri tu, akaanza kuuliza. Kwanza uani panaingia viti hamsini? Halafu jenereta ipo, maana umeme ukikatika itakuwaje. Halafu akaomba tumalizane kwa M-Pesa nje ya apu ili wote tukwepe makato, nusu sasa hivi nusu Jumapili. Mwisho akasema ufunguo nimwachie mlinzi nisihangaike kuja mwenyewe.

Nina masaa 24 ya kujibu na yamebaki kama 14 hivi.

Kinachonitisha ni Desemba iliyopita. Nilimpokea mtu kwa stori kama hii hii, kasema kikao cha familia, kalipa mkononi. Wakaleta spika mbili kubwa, wakapikia mkaa sebuleni, zulia likaungua na kochi la baba likatoboka pembeni, choo kimoja kikaziba. Jirani yangu ni mzee ana presha, hakulala, asubuhi wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na nikaitwa mimi. Yule mgeni simu hapokei mpaka leo. Na kwa vile nililipwa nje ya apu sikuwa na pa kwenda kudai, niliulizwa bukingi ipo wapi nikakosa jibu.

Upande wa pili nyumba imekaa wiki tatu haina mtu, msimu wa korosho bado mbali, mlinzi anataka mshahara wake. Halafu roho inanisuta, huyu mama inaonekana ni mwenzetu wa hapa hapa, nitamkataa vipi bila kuonekana nina roho mbaya? Na nyie haya maombi madogo madogo, kuingia mapema, kuongeza mtu, kupunguziwa bei, mnayajibuje?

mikindani_nyumbani

Dada yangu pole sana kwa lile kochi, vitu vya wazazi havina fidia.

Mi nina vyumba viwili vya wageni hapa Mikindani, nimeanza kabla yako kidogo. Nikwambie kitu kimoja, akaunti mpya usiihesabu kama kosa, kila mtu alikuwa mpya siku ya kwanza, hata wewe ulipoanza hukuwa na rivyu. Angalia anachoomba, na uyaangalie maombi yote kwa pamoja. Viti hamsini peke yake ni swali tu. Kulipa nje peke yake watu wengi wanaomba kwa kuwa hawana kadi. Lakini watu wawili kwenye fomu, viti hamsini uani, hela nje ya apu, na wewe usiwepo wakati wa kukabidhi ufunguo, hayo manne yote yanakuondoa wewe kwenye nyumba yako. Hapo ndo pa kusimama.

Na kusimama maana yake ni kuuliza, usikimbilie kukataa. Mi huwa naandika hivi, humo humo kwenye apu sio WhatsApp:

"Asante sana kwa kuipenda nyumba. Wanaolala hapa mwisho ni watu sita na majina yao yote yawe kwenye bukingi. Sherehe na mziki wa spika hatufanyi kwa sababu ya majirani. Malipo yote yanapita kwenye apu, na ufunguo nakabidhi mwenyewe kwa aliyebuki. Naomba unieleze mnakuja kwa shughuli gani na mtakuwa wangapi mchana na wangapi usiku, tuone kama nyumba itawafaa."

Hapo hujamtukana mtu. Mwenye nia mbaya hatajibu au atakuwa mkali, mwenye shida ya kweli atakueleza na mtajua mnasaidiana vipi. Na kuhusu sherehe huna haja ya kujitetea, Airbnb wenyewe walipiga marufuku mapati dunia nzima 2020, na 2022 wakaifanya kuwa sheria ya kudumu. Mwambie ni sheria ya apu na ni sheria ya nyumba.

Kitu cha kuogopa zaidi ni kukubali kwanza ukitegemea utaghairi baadae. Kukataa ombi hakuna faini. Ila ukishakubali halafu wewe mwenyewe ukaghairi bila sababu wanayoikubali, unakatwa asilimia 50 ya bukingi kama zimebaki saa 48 au chini, asilimia 25 kama ni kati ya hapo na siku 30, asilimia 10 kama ni zaidi ya siku 30, na haishuki chini ya dola 50. Kwa bei zetu za huku hiyo dola 50 ni usiku mzima umeenda. Na ikitokea umekubali halafu ukagundua kwenye meseji kwamba ni pati, usiguse kile kitufe cha kughairi, wapigie sapoti kwanza uwaonyeshe zile meseji wao ndo waghairi. Ndo maana nakwambia maongezi yote yabaki mle ndani, meseji ya WhatsApp mtu anafuta unabaki huna kitu.

wakala_chikongola

Mi sina nyumba ya wageni ila ni wakala wa simu, hili la nusu sasa hivi kwa M-Pesa naliona kila wiki. Mtu anakutumia meseji imeandikwa vizuri kabisa umepokea laki mbili, jina lipo, muamala upo, wewe unatoa ufunguo. Ukienda kuangalia salio hamna kitu, ile meseji imetoka namba ya kawaida tu. Dada usisome meseji, piga *150*00# uangalie salio kwa macho yako. Na ikija ile ya "hela nimekosea nimetuma nyingi nirudishie iliyozidi", usirudishe mwenyewe hata kama anaapa, mwambie apige kwa mtandao wake warudishe wao. Namba ya matapeli itume 15040, ni bure.

kilwa_masoko_wageni

Hilo la kurudisha iliyozidi huku Kilwa linakuja na suti. Watu wanaotaka kwenda kuona magofu ya Kisiwani wananiandikia kwenye barua pepe moja kwa moja, na katikati yao wanaingia hawa. Mmoja aliniandikia familia ya watu wanane, wiki mbili, hajauliza bei, hajauliza maji wala boti ya kuvukia, kitu ambacho kila mgeni wa Kisiwani anauliza. Akasema atalipa kwa kadi yote kwa mkupuo na ataongeza hela ya wakala wake wa safari, mimi nitoe nimtumie huyo wakala. Ile kadi ni ya wizi, mwenyewe akilalamika benki inairudisha hela yote na wewe ile uliyomtumia "wakala" ilishaondoka mfukoni kwako. Sikutuma, lakini siku mbili nilikaa napiga hesabu za hiyo hela kichwani maana ilikuwa nyingi na nilikuwa na shida nayo. Wanajua kuchagua muda.

Siku hizi namwambia anayeandika hivo, sipokei hela ya mtu wa tatu, lipa ya vyumba tu. Sijapata hata mmoja aliyerudi.

binti_wa_mtama

Naomba niongee kama mgeni maana humu naona mmeongea wenye nyumba tu.

Mi kwetu Mtama, nafanya kazi Dodoma, mwaka juzi tulikuja Mtwara kikazi watu wanne. Nikaomba nyumba moja sitaitaja, nikaandika vizuri, jina langu la kimakonde linaonekana, namba ya Tanzania, akaunti ilikuwa mpya. Nikajibiwa tarehe hizo pamejaa. Jioni ile ile mwenzangu mmoja kutoka Ujerumani akaomba nyumba ile ile tarehe zile zile, akakubaliwa ndani ya dakika kumi hakuulizwa hata swali. Tukalala mle wote wanne. Yule mwenye nyumba alinikabidhi mimi ufunguo akiwa anatabasamu, hakujua kama ndo mimi aliyenikataa. Nililala kwenye mkoa wa jirani na kwetu kwa mgongo wa mgeni wa Ulaya, iliniuma sana na bado inaniuma.

Kwa hiyo mama Shangani mi nakuomba, ukiandika maswali yale aliyotoa kaka wa Mikindani, yaandike kwa kila mtu. Kwa mzungu, kwa Mhindi, kwa mtu wa Dar, kwa Mmakonde. Kama sheria ni watu sita basi na mafundi wa gesi wasizidi sita. Airbnb nao wana sera ya kutokubagua, mtu akikataliwa kwa sababu ya kabila au uraia wake ana haki ya kushtaki kwao. Lakini hata ingekuwa haipo. Sisi wenyeji hatuna rivyu kwa sababu safari zetu tunalalaga kwa shangazi, sio kwa sababu tunaharibu nyumba za watu.

mama_shangani

Binti wa Mtama umenigusa mahali. Nimeangalia kalenda yangu ya nyuma, nimejiuliza ni wangapi niliwaambia pamejaa na hapakuwa pamejaa. Wapo wawili. Sina cha kujitetea, nisamehe kwa niaba yao.

Nimemwandikia yule mama ile meseji ya Mikindani nimebadilisha maneno kidogo. Nasubiri.

lindi_mtanda

Wakati unasubiri nikujibu yale maombi madogo, mi niko Lindi mjini, vyumba vinne, na kwa kweli haya madogo ndo yanachosha kuliko matapeli maana tapeli unamkataa mara moja.

Kuingia mapema, hili limeongezeka sana tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena 2023. Mtu anashuka stendi alfajiri giza bado na chumba kinaanza saa nane mchana. Zamani nilikuwa nakubali wote, nikawa naamka saa kumi kila siku mpaka mke wangu akalalamika. Sasa nimeandika kwenye tangazo lenyewe: mizigo unaacha saa yoyote kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na chai utakunywa barazani, chumba kikiwa kitupu utaingia kwa nusu ya bei ya usiku. Ikishaandikwa mle, ugomvi umeisha, mtu anachagua mwenyewe kabla hajapanda basi.

Punguzo natoa kwa siku, sitoi kwa maneno. Wiki nzima nashusha, mwezi nashusha zaidi, usiku mmoja bei ni ile ile hata uwe nani. Kuongeza mtu sawa, ila aongezwe kwenye bukingi kabla hajafika. Mgeni wa kukaa mwezi, mafundi wale wa miradi, umeme wa LUKU ananunua mwenyewe, eyasii ikiwaka usiku kucha madirisha wazi utafilisika.

Kurudisha hela, hapo tumia utu wako. Mei 2024 mvua na kile kimbunga Hidaya vilivyokata barabara ya Dar kule Somanga, nilikuwa na bukingi tatu za watu wamekwama njiani. Mmoja alikuwa na haki ya kurudishiwa kwa sera yangu, wawili hawakuwa nayo. Nikawaambia wote watatu chagueni, hela au tarehe nyingine. Wawili wakachagua tarehe na wamekuja, mmoja kaja na ndugu zake. Mtu aliyekwama na watoto kwenye tope huwezi kumsomea sera.

Jambo lingine la kuangalia sana, vitambulisho. Kitabu cha wageni ni lazima, jina, anatoka wapi anaenda wapi, namba ya kitambulisho au pasi, siku polisi au uhamiaji wakipita unawaonyesha. Lakini picha ya kitambulisho cha NIDA cha mgeni usiitupe kwenye magrupu ya WhatsApp ya wenye nyumba eti "jamani mnamjua huyu?" Tangu 2023 kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi na kuna tume yake kabisa. Hata akikuharibia nyumba peleka polisi, usipeleke kwenye grupu. Na kamera kama unafikiria kuweka baada ya yale ya Desemba, Airbnb walishakataza za ndani zote kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata sebuleni. Ya nje getini inaruhusiwa ila uiandike kwenye tangazo ipo wapi na inaona nini.

dada_wa_usafi

Samahanini mi nasafisha nyumba tatu za wageni hapa Mtwara, mojawapo ina watu wanaongea humu ila sisemi ipi.

Mnapojadili mkubali au mkatae mkumbuke na mimi. Mwenye nyumba akikubali watu hamsini hela inaingia kwake, anayechota matapishi ya watu hamsini ni mimi kwa hela ile ile ya watu wawili. Kuna siku niliingia peke yangu asubuhi nikakuta wanaume wanne bado wamelala humo wamelewa na muda wa kutoka umepita, nilirudi nyuma nikakaa barabarani mpaka mchana. Tangu siku hiyo siingii mpaka mwenye nyumba anihakikishie wametoka na mlinzi aingie kwanza.

Halafu nimejifunza kitu kimoja kinawasaidia na nyie. Kabla sijagusa ufagio nazunguka na simu napiga video nyumba nzima, kila chumba, chini ya kitanda, ndani ya friji, jiko, mabomba yakiwa yanatoka maji. Na nikimaliza kusafisha napiga tena, hiyo ndo inaonyesha mgeni anayekuja alikabidhiwa nini. Juzi bosi wangu alivunjiwa kioo cha meza na mgeni wa apu, akakataa katakata, video zilikuwepo mbili, ya kabla na ya baada. Akamdai kwanza mgeni humo humo kwenye apu, yule alivyogoma kampuni ikalipa. Ila muda wake ni siku 14 tu toka mgeni atoke, ukizembea umekosa, na lazima bukingi iwe ilipita mle ndani. Ile video nilipiga mimi na simu yangu na bando langu, na bosi alinipa elfu kumi sikuwa nimemuomba.

Kwa hiyo mama Shangani mpe dada yako wa usafi bando.

mikindani_nyumbani

Dada wa usafi umeongea kitu sijawahi kukifikiria hata siku moja, ile ya kuingia peke yako. Kuanzia leo mi naingia kwanza.

mama_shangani

Wadau mrejesho. Kajibu, na kajibu kwa simu kabisa akalia, ila nikamuomba yale ya muhimu aandike pia kwenye apu akakubali.

Ni mama mmoja anakaa Magomeni hapa hapa Mtwara. Anamtoa mwali, binti yake wa mwisho, likizo hii. Kwake ni vyumba viwili, uani pamejengwa, na ndugu wanakuja kutoka Dar na Masasi, kakosa pa kuwaweka. Kuna mtu kamwambia nyumba za Shangani zina uwanja mkubwa. Ile watu wawili kaandika hivo kwa kuwa bei ilikuwa inapanda kila akiongeza mtu. M-Pesa ni kwa vile hana kadi ya benki. Na ile ya ufunguo aliona aibu mimi nije nione familia yake inavyohangaika. Nilivyosikia hilo la aibu nilikaa kimya kwenye simu.

Nimemweleza ukweli, ngoma haiwezi kupigwa pale, jirani yangu mzee nilimwahidi kwa mdomo wangu baada ya Desemba. Tumeongea kama wanawake, ngoma itakuwa mtaani kwake kama ilivyo kawaida, kibali atachukua serikali ya mtaa wake, mi nimempa namba ya jamaa wa turubai na viti bei nzuri. Nyumbani kwangu watalala sita, wakubwa wa ukoo na bibi mzaa mama. Mchana wanakuwa Magomeni, usiku bajaji inawarudisha.

Malipo yamebaki kidogo kutusumbua. Alitaka kutumia kadi ya mpwa wake wa Dar, nikamwambia aliyebuki ndo anatakiwa awe analala pale, sio mtu kubuki kwa niaba ya mtu mwingine. Bahati nzuri mpwa mwenyewe yumo kwenye wale sita, kwa hiyo lile ombi la kwanza nimelikataa, yeye kafungua akaunti yake jana usiku na ombi lake limeingia saa hizi, watu sita, picha ipo, rivyu hamna. Nimemuuliza maswali yale yale, kajibu yote.

Bibi magoti hayampandi, anaomba godoro lishushwe chini kwenye chumba cha mbele. Nimeshamwambia dada wa usafi, bando nimemrushia, godoro tutalishusha Ijumaa asubuhi.